Mwaka Tuliozima Mapangaboi

Mzee Odilo tulimzika Jumanne, kwao, njia ya kwenda Mwimbi, na kwenye wasifu uliosomwa pale makaburini msomaji alisema marehemu alikuwa mtu wa mashine ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kuyaacha maji bila hewa. Watu walitikisa vichwa kwa heshima, kama inavyofanyika msibani ikisomwa sentensi ambayo hakuna aliyeielewa. Mimi nilisimama nyuma, nimevaa sweta juu ya gauni na kanga juu ya sweta, maana nilikuwa nimesahau upepo wa Ufipa unavyopenya, na nikaanza kujiuliza kama aliyeandika wasifu ule alikuwa anamsifu Mzee Odilo au ananisema mimi. Bado niko hivyo. Vijana wa ofisini kwangu sasa wananiamkia shikamoo, nimekaa kwenye vikao ambavyo zamani nisingethubutu hata kupita mlangoni, lakini ukinipa sentensi moja nitaigeuza pande zote mpaka nipate ule upande unaoniuma. Aliyeandika wasifu ule hanijui kabisa. Ila ni kweli kwamba kuna mwaka mmoja Mzee Odilo aliambiwa ayaache maji bila hewa ya mashine, na aliyemwambia ni mimi, nikiwa nimemaliza chuo juzi tu na nina mkataba wa mwaka mmoja mfukoni.

Niliripoti Sumbawanga mvua zikiwa zinaelekea kuisha. Mabwawa ya majitaka yalikuwa nje kidogo ya mji, kwenye mteremko, moja chini ya jingine, ili maji yashuke yenyewe kutoka bwawa la kwanza hadi la mwisho na kutoka hapo yaingie kwenye kijito cha bondeni. Kwenye bwawa la kwanza zilikuwa zinaelea mashine nne, kila moja na mapanga yake ya chuma yanayochapa maji na kuyarusha juu ili yachanganyike na hewa. Vile vijidudu vinavyokula uchafu vinahitaji hewa kama sisi, visipoipata vinakufa, vinakuja vingine vinavyoishi bila hewa, na hivyo ndivyo vinavyoleta uvundo. Nilikuwa na jina la kitaalamu la mashine zile na nilikuja nalo kwa fahari, lakini pale kila mtu aliziita mapangaboi, kama feni za darini, na baada ya wiki moja na mimi nikawa nasema mapangaboi hata kwenye taarifa zangu. Zilizunguka mchana kutwa na usiku kucha. Zilikula umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote ofisi ile ilichokuwa nacho, na umeme wenyewe miaka ile tulikuwa tunaupata kutoka ng'ambo, Zambia, ukikatika huko na sisi giza.

Siku ya kwanza niliyoshuhudia umeme ukikatika nikiwa kazini, nilimkuta Mzee Odilo amesimama kwenye ukingo wa bwawa, mikono nyuma, ovaroli yake ya buluu imefungwa vifungo vyote mpaka kooni. Alikuwa mrefu, anatembea taratibu kama mtu anayeingia kanisani akiwa amechelewa. Alikuwa anayaangalia mapanga yaliyosimama. Umeme uliporudi alasiri, aliingia kwenye kibanda cha swichi akawasha mashine zote nne, halafu akaongeza kasi mpaka maji yakawa yanaruka kama mvua iliyogeuzwa. Nikamuuliza mbona kasi imekuwa kubwa hivyo. "Nalifidia," akasema. Nikauliza analifidia nini. Akaniangalia kama vile nimeuliza kwa nini watu wanakula. "Bwawa. Limekosa hewa tangu asubuhi. Sasa nalipa kile lilichokosa." Shabani, dereva wa gari la kunyonya vyoo, ambaye baba yake alikuwa na duka la vipuri mjini na yeye mwenyewe alikuwa anaonekana kuwa mjini hata akiwa bwawani, akacheka. "Injinia, usibishane na Baba Odilo. Huyu alikuwa bingwa wa mashine ya kusaga sokoni kabla hujazaliwa. Kwake foleni lazima iishe." Nilicheka pamoja naye bila kuelewa alichokuwa ananiambia. Ningekuwa mtu wa kusikiliza badala ya mtu wa kuwaza, mwaka ule ungekuwa mfupi.

Nilipanga chumba cha uani kwa Mama Felista, mjane mwenye mwili mdogo na sauti kubwa, upande wa mji unaotazama bonde. Chumba hakikuwa na dari, na ukuta uliotutenganisha na jiko uliishia kabla haujafika kwenye bati, kwa hiyo moshi, joto na maneno vilipita juu yake kama kuku wanavyopita juu ya uzio. Baridi ya Juni ilinikuta sina blanketi la maana. Mama Felista aliniletea moja bila kuniuliza, akalitupa kitandani, akasema, "Nyie watu wa joto mnakuja huku kama mnakwenda harusini." Jioni tulikula pamoja jikoni kwa sababu ya mkaa. Ugali wa mahindi uliochanganywa na ulezi kidogo, maharage, siku nyingine dagaa wa Wampembe, kule ziwani, walioletwa na jirani, na karibu kila siku kabichi au chainizi kutoka bustani yake mwenyewe. Bustani ilikuwa bondeni, kando ya kile kijito, chini kabisa ya mabwawa yetu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake na chakula chake, na kiangazi chote, wakati mashamba ya juu yamekauka na upepo unasomba vumbi, ndiye pekee kwa upande ule aliyekuwa na majani mabichi ya kupeleka sokoni, kwa sababu maji ya kijito kile yalikuwa ni yale tuliyoyatoa sisi.

Nilipogundua hilo nilishika tonge hewani. Yeye aliniona. "Unaogopa nini? Si ninyi mnayasafisha?" Nikaanza kumweleza kuhusu mayai ya minyoo, na umuhimu wa kumwagilia kwenye mfereji na si juu ya majani, na kupika vizuri, na kunawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho watu wachache wamewahi kunifanyia. Tangu siku ile aliacha kumwagilia kwa ndoo, akachimba mfereji unaopita kati ya mistari na mdomo wake ukingoni mwa kijito, akauziba kwa gunia la udongo ili aufungue anapotaka. Ila hakuacha kunitania. Kila akiweka bakuli la kabichi mezani alikuwa anasema, "Pima kwanza, Injinia."

Mwezi uleule Meneja wetu aliitisha kikao kuhusu jenereta. Umeme ulikuwa unakatika sana, Mzee Odilo alikuwa analifidia bwawa kila unaporudi, na bili ilikuwa imefika mahali ambapo Meneja aliifungua akiwa amekaa. Wazo lilikuwa kununua jenereta kubwa la dizeli liendeshe mapangaboi umeme usipokuwepo. Nilikuwa nimekaa kona, na katika kichwa changu niliona moshi wa dizeli juu ya bwawa lililojengwa ili kusafisha, na lori la mafuta likipanda hadi Ufipa kila mara ili tuweze kuchapa maji. Nilinyoosha mkono kabla sijaamua kunyoosha mkono. Nikasema nadhani hatuhitaji mashine mchana. Nikasema bwawa likipigwa na jua linakuwa kijani, na ule ukijani ni vijimea vidogo mno ambavyo mwanga ukiwepo vinatengeneza hewa ndani ya maji, na huku juu jua la kiangazi ni kali na upepo wa mchana unachafua uso wa maji bure bila kulipiwa. Nikasema tunaweza kuwasha pangaboi moja tu kabla ya kupambazuka, wakati vijimea vimelala na hewa imepungua, na muda mwingine tukazima zote. Na nikasema tuache kufidia, kwa sababu hewa ya jana maji hayawezi kuila leo. Kisha nikasema "labda" mara nyingi kiasi kwamba Meneja alinyanyua kalamu yake kunisimamisha.

"Binti," akasema, "hivyo ndivyo ulivyofundishwa au ndivyo unavyofikiri?"

"Vyote, bosi. Nimepima."

"Sawa. Jaribu kiangazi hiki. Kikiisha vizuri, sinunui jenereta. Lakini likinuka, mji huu wote utalijua jina lako, na mimi ndiye nitakayewaambia."

Mzee Odilo alisubiri kikao kiishe. Alipotoka nje alivaa kofia yake, akaniambia kwa upole kabisa, "Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma," na ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Tulizima Jumatatu. Ukimya wa siku ile naukumbuka kuliko kelele zote za kazi yangu tangu hapo. Ulisikika mluzi wa upepo kwenye uzio, ng'ombe wa mtu kwa mbali, na maji yakishuka kutoka bwawa moja kwenda jingine, sauti ambayo hata waliofanya kazi pale miaka mingi hawakuwa wameijua. Shabani aliteremka kwenye gari lake akasema, "Daah, kumbe hapa ni pazuri." Siku chache tu bwawa likaanza kugeuka rangi, kutoka ile ya chai ya maziwa kuwa kijani, na kipimo changu cha hewa kilipanda mchana vile nilivyokuwa nimetabiri. Nilitembea na kile kipimo shingoni kama mwanafunzi aliyevishwa medali. Sikulala vizuri zaidi kwa ajili hiyo. Mambo yakienda kombo nawaza kwa nini yameenda kombo, na yakienda sawa nawaza yatakwenda kombo lini.

Yalikwenda kombo Jumatatu iliyofuata. Nilipofika asubuhi maji yalikuwa meusi, ukijani umepotea, na uvundo wa mayai yaliyooza umetanda mpaka barabarani. Kipimo kilikuwa chini kabisa. Nilijiambia ni baridi, maana Jumapili ilikuwa na mawingu. Katikati ya wiki rangi ilianza kurudi, Ijumaa bwawa likawa zuri tena, na Jumatatu yake, uvundo. Nikajiambia ni machinjio yanatuletea damu mwisho wa wiki. Nikaenda kuuliza machinjio, wakanionyesha shimo lao wenyewe. Nikajiambia nimekosea hesabu ya tope la chini. Nikaikokotoa upya, ikatoka vilevile, nikaamua basi kosa liko kwenye kanuni yenyewe, nikaanza kuitilia shaka kanuni ambayo dunia nzima inaitumia. Hata mita ya umeme ilionyesha tumetumia zaidi ya nilivyotarajia, na mimi, badala ya kujiuliza nani amewasha, nilijiuliza kama najua kusoma mita. Shabani aliniambia siku moja, akiegemea gari lake huku ameziba pua kwa kola ya shati, "Mshikaji wangu, hili bwawa lako lina tabia. Ijumaa halinuki, Jumatatu linanuka. Kama vile linakunywa wikiendi." Nilimwambia sayansi haiko hivyo.

Nyumbani pia mambo yalibadilika. Kabichi ilipotea mezani. Tulikula maharage leo, maharage kesho, na Mama Felista hakuniambia tena nipime kwanza. Nilipita bondeni nikielekea kazini nikaona gunia limeuziba mdomo wa mfereji na udongo mpya umeongezwa juu yake. Kabichi zilizokuwa zimeanza kufunga vichwa zilikuwa zimelegeza majani ya nje kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Pembeni, kwenye kitalu alichokifunika kwa nyasi, miche ya awamu ya pili ilikuwa inarefuka ikisubiri kuhamishwa, na hata mimi ambaye sijui kilimo nilijua kwamba miche haiwezi kusubiri muda mrefu. Alikuwa anaimwagilia kwa ndoo ya maji ya bomba, kidogo kidogo, kama mtu anayemnywesha mtoto dawa. Hayo maji ya bomba yasingetosha bustani nzima hata kwa siku moja. Kama bwawa lingeendelea hivyo, awamu ile ya pili ingeishia kwenye kitalu, na mwaka mzima wa Mama Felista ulikuwa kwenye awamu ile.

Jioni moja dada yake alifika na basi la Namanyere akiwa na mfuko wa maharage, wakakaa jikoni wakizungumza Kifipa. Mimi nilikuwa chumbani upande wa pili wa ukuta usiofika juu. Kifipa sikijui. Lakini katikati ya maneno yao yalikuwa yanaruka ya Kiswahili ninayoyajua: mashine. Kabichi. Injinia. Kisha kicheko kifupi, kisha kimya, kisha tena injinia. Kwa maneno yale matatu nilijenga kesi kamili, nikajisomea mashtaka, nikajihukumu. Niliwaza kufungasha. Niliwaza kwenda kwa Meneja asubuhi kumwambia tuwashe zote nne na anunue jenereta lake. Niliwaza kumwomba Mama Felista msamaha, nikatunga namna kadhaa za kumwomba, na zote zilianza na "labda". Miaka mingi baadaye nilimuuliza walikuwa wanasema nini jioni ile. Alifikiri sana, akasema hakumbuki, huenda dada yake alikuwa anauliza kama nimeolewa.

Jumapili ya mwisho ya Julai nilikwenda na Mama Felista bondeni baada ya misa ya kwanza, nikijisemea namsaidia kubeba ndoo, ingawa ukweli ni kwamba nilikuwa namtafutia nafasi ya kunifokea. Hakunifokea. Alikuwa ameinama juu ya kitalu, anang'oa magugu, upepo unatoka juu kwenye mabwawa na kushuka bondeni, na ndani ya upepo ule nikasikia mlio. Niliujua, ila nilikataa kuujua. Yeye ndiye aliyenyanyuka, akaweka mkono sikioni.

"Wewe si ulisema mashine zinalala?"

"Zinalala, mama."

"Mbona zinakoroma?"

Tulipanda wote wawili, yeye mbele na jembe begani. Lango lilikuwa wazi. Mapangaboi yote manne yalikuwa yanazunguka kwa kasi ya mwisho, na bwawa zima lilikuwa linachemka jeusi, tope la chini limeletwa juu, uvundo wake unachoma macho. Mzee Odilo alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao mbele ya kibanda cha swichi, redio inaimba kwaya, bakuli la viazi magotini. Hakushtuka. Aliweka bakuli chini, akafuta mikono.

"Shikamoo, baba," nikasema, kwa sababu sikujua neno lingine la kuanzia.

"Marahaba, mwanangu. Leo Jumapili, umefuata nini?"

"Nimesikia mashine."

"Ndiyo. Nalifidia."

"Unafidia nini, baba? Wiki hii umeme haukukatika."

"Umeme haukukatika," akasema. "Wewe ndiye uliyekata."

Alisema bila hasira. Aliniambia kwamba ameniheshimu, wiki nzima haigusi swichi isipokuwa ile ya alfajiri niliyoamuru, lakini maji yanaingia kila siku, Jumatatu yanaingia, Jumanne yanaingia, yanakaa pale yanasubiri. Ingekuwa sokoni, mwenye debe lake la mahindi angesimama kwenye foleni mpaka mashine iwashwe, na wewe mwenye mashine huwezi kwenda nyumbani wakati madebe ya watu yamepangwa mlangoni hayajasagwa. Kwa hiyo Jumapili, akiwa peke yake, alikuwa anasaga foleni ya wiki nzima. "Nimelihurumia," akasema. "Kitu kilichonyimwa hewa siku sita hata wewe ungekihurumia."

Nilifungua mdomo nieleze. Maelezo niliyokuwa nayo yalikuwa marefu na ya kweli: kwamba tope lililotulia chini lina vijidudu vyake vinavyolila polepole na halina haja na hewa, kwamba akilikoroga lote kwa mara moja linanyonya hewa yote iliyoko juu na kuziba mwanga, kwamba vijimea vinakufa, kwamba siku tatu zote zinazofuata bwawa linajiuguza na likishapona anakuja tena Jumapili. Ila Mama Felista alikuwa ameshashusha jembe.

"Kwa hiyo ni wewe! Odilo! Kabichi zangu zimekosa maji kwa sababu yako, na mimi nimekaa namwangalia mtoto wa watu namna anavyokonda!"

"Mama Felista, hapa ni kazini."

"Kazini! Umesaga mahindi mpaka kila kitu unakiona mahindi. Mkeo akipika pombe ya ulezi, ikishatulia, machicha yamekaa chini, wewe unaingiza mwiko unakoroga? Unamnywesha mgeni?"

"Pombe si maji machafu."

"Ndiyo maana pombe huikorogi! Maji machafu ndiyo unaona raha!"

Nilicheka. Haikuwa mahali pa kucheka, lakini nilicheka mpaka Mzee Odilo naye akageuza uso pembeni, mabega yanamtikisika. Kisha akaingia kibandani, na mapanga yakasimama moja baada ya jingine. Alipotoka alikuwa ameacha kucheka. Aliniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria, mimi niliyefikiria kila kitu. "Sasa mimi nitakuwa nafanya nini hapa?" Nilimwambia kuna povu la kuondoa, kuna nyasi za ukingoni, kuna malango ya maji ya kuangalia, na pangaboi la alfajiri bado ni lake. Akasema hizo ni kazi za kibarua. Ilikuwa kweli. Alizifanya hata hivyo, akilalamika, mpaka mkataba wangu ulipoisha, na hakuwahi kuniambia kwamba nilikuwa sahihi. Sikumweleza Meneja kuhusu Jumapili zile. Nilimwambia tu kwamba tumejua sababu na anipe muda kidogo, na kwa mara ya kwanza hakuna "labda" iliyotoka.

Wiki iliyofuata bwawa lilikaa kijani kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, na Jumatatu lilikuwa kijani pia. Nilimpelekea Mama Felista habari jikoni. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Hakunyanyua macho.

"Una uhakika?"

Hilo lilikuwa swali nililoliogopa kuliko yote. Nikamwambia ukweli: uhakika kamili sina, leo maji ni mazuri, kesho siwezi kusema kabla sijayaona, inategemea jua, inategemea kilichoingia, inategemea. Vidole vyake viliendelea kutupa mawe.

"Basi hutaniambia ya kesho," akasema. "Utakuja bondeni asubuhi, uyaangalie, uniambie nifungue au nisifungue. Hayo mengine baki nayo."

Asubuhi yake kulikuwa na ukungu na majani yamekaa na barafu nyembamba kwenye ncha. Alikuwa amekwisha kufika, amesimama mdomoni mwa mfereji na jembe lake, miche imeng'olewa kitaluni na kupangwa kwenye karai chini ya kitambaa kilicholoweshwa. Yaani alikuwa ameamua kabla yangu. Miche ikishang'olewa hairudi. Nilichota maji kwenye chupa, nikanusa, nikayainua juu yapate mwanga, nikazamisha kipimo, nikasubiri namba itulie.

"Ehe?"

"Hewa ipo, mama. Ipo zaidi ya jana. Ila kuna haya mawingu, na sijapima bado kule..."

"Mawingu sijauliza. Nifungue, nisifungue?"

Nilifikiria sokoni, wateja wake, minyoo, Meneja, jina langu mjini. Nilifikiria kwamba nikikosea huyu mama atakuwa amepoteza mwaka na mimi nitakuwa na chumba kingine tu cha kupanga. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwenye chupa.

"Fungua," nikasema.

Alilipiga gunia kwa jembe, likapinduka, na maji yakaingia mferejini yakisukuma majani makavu mbele yake. Hakunishukuru. Aliinama akaanza kupanda.

Nilikwenda pale kila asubuhi mpaka mvua ziliporudi na mfereji haukuwa na kazi tena. Jenereta halikununuliwa. Kabichi zilifunga, si zote, upande mmoja zililiwa na funza na hilo halikuwa la kwangu. Lakini katika asubuhi zote hizo kuna moja ninayoirudia, na si ile ya kwanza. Ilikuwa Septemba, gari mbili za vyoo zilikuwa zimemwaga jana yake kwa pamoja, na maji niliyoyachota yalikuwa na wingu ndani yake. Huenda yangefaa. Nilikuwa nimeandaa sababu zangu zote, tangu kitandani, kwa mpangilio, pamoja na majibu ya kila atakachobisha, maana siku hiyo ilikuwa ya jua kali na bustani ilikuwa na kiu.

"Usifungue," nikasema, nikavuta pumzi ili nianze kueleza.

Mama Felista aliweka jembe begani kabla sijataja hata sababu moja, akageuka, akashika njia ya kwenda nyumbani.